Nani Atajizulia Aibu?

Maneno yaliyomo humu yalisemwa na watu wengi, mahali pengi, kwa miaka mingi: vijiweni, kwenye boti ya kwenda Pemba, misibani watu wakisubiri jeneza. Nimeyakusanya nikayakalisha kwenye baraza moja ya saruji mjini Unguja, baada ya sala ya isha, dele la kahawa likizunguka na kashata kwenye sahani ya bati. Wasemaji nimewabuni mimi, hoja zao sikuzibuni. Yupo Bi Mkubwa, mzaliwa wa Pemba, aliyekuwa mtu mzima mwaka 1995. Yupo Mvuvi. Yupo Ustadhi, anayesomesha chuoni. Yupo Muuguzi, na yupo Kijana aliyemaliza chuo kikuu majuzi. Mimi niko pembeni na daftari, lakini nina upande wangu na sitauficha.

Kwa asiyemjua, popobawa ni kiumbe kinachosemwa kuja usiku, kumkandamiza mtu aliyelala na kumfanyia unyama, awe mwanamume au mwanamke. Jina ni popo na bawa, kwa ajili ya kivuli kinachosemwa kumfunika mtu kabla ya kushambuliwa. Hofu kubwa kuliko zote ilizuka Pemba mapema mwaka 1995, ikavuka bahari mpaka Unguja, na kabla haijatulia ilikuwa imeua mtu. Nimeandika kwamba hofu ndiyo iliyoua. Tutamfikia mtu huyo.

BI MKUBWA: Andika vizuri, mwanangu, maana wengi huja wakaandika wanavyotaka. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Tulianza kusikia kwa jirani wa mbali, kisha mtaa wa pili, kisha kwetu. Mtu kalala, mlango umefungwa, anahisi kuna mtu kaingia. Anataka kupiga ukelele, sauti haitoki. Mkono haunyanyuki. Kifua kimekaliwa. Na mengine siyasemi mbele ya vijana. Asubuhi wanaume wazima wanalia. Basi tukatoka nje. Tukatandika mikeka uani, tukawasha moto, watoto katikati, wanaume pembezoni, mmoja anasoma wengine wanaitikia. Hatukulala ndani siku nyingi.

KIJANA: Shikamoo, Bibi. Sisemi kwamba unasema uongo. Nasema watu wa wakati ule hawakusoma, walikuwa na hofu, wakaamini kila walichoambiwa. Mtu aliyesoma leo hawezi...

BI MKUBWA: Marahaba. Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa skuli, mjukuu wangu. Alilala uani pamoja nasi. Kusoma kwake kulimfaa nini?

Kijana alinyamaza, na haki yake. Kosa la kwanza la usiku ule lilitoka upande wangu, upande wa wanaotilia shaka, na naliandika mwanzo kwa sababu ndilo linaloua mijadala hii kabla haijaanza. Mtu analeta habari, wewe unampima yeye: kasoma wapi, katoka kijiji gani. Habari yenyewe inabaki mezani haijaguswa. Wapemba wamefanyiwa hivi miaka nenda miaka rudi, ndiyo maana wengi wao hawazungumzi tena na mwenye daftari.

USTADHI: Hoja haipimwi kwa kilemba cha anayeisema. Hilo tuliwekeana zamani katika somo la mantiki. Mama, endelea.

BI MKUBWA: Nina moja tu. Nani atajizulia aibu? Mwanamume ana mke, ana watoto, ana nafasi yake msikitini safu ya mbele. Asimame mbele ya watu aseme yaliyomfika usiku, kwa faida gani? Mwongo hudanganya apate sifa au apate mali. Huyu anapata nini?

Nimesoma na kusikia hoja nyingi za kumtetea popobawa, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Nimeizunguka kwa miaka. Anayeidharau hajaielewa.

USTADHI: Hoja yako ni ya kweli, Mama, nusu. Imethibitisha kwamba mtu yule si mwongo. Lakini iko nusu ya pili imeshonewa humo humo na uzi hauonekani. Tazama mwezi unapotakiwa kuandama. Anakuja mtu mwadilifu, hana tamaa, anasema nimeuona. Kadhi hamwiti mwongo. Lakini hamwachi hapo. Anamuuliza: ulikuwa upande gani wa jua? Pembe zake zilielekea wapi? Mawingu yalikuwaje? Kwa nini anauliza, na shahidi ni mwadilifu? Kwa sababu mwadilifu anaweza kuona unywele wa nyusi yake akadhani ni mwezi. Ukweli wa mtu ni jambo moja, na usahihi wa alichokiona ni jambo jingine.

BI MKUBWA: Basi walikiona nini?

MUUGUZI: Niruhusu, Mama. Mtu akilala, usingizi wake huenda kwa awamu. Katika awamu ambayo ndoto huwa nyingi na wazi, ubongo huilegeza misuli ya mwili mzima, asije akainuka akatenda anachokiota. Macho huachwa, na pumzi huachwa. Mara nyingine akili inaamka na misuli bado haijafunguliwa. Mtu yuko macho, anaona chumba chake, anaona chandarua, na ndoto bado haijamtoka. Hawezi kusema, hawezi kujigeuza. Kifua kinakuwa kizito kwa sababu hawezi kuvuta pumzi ndefu kwa hiari yake. Na karibu kila anayepatwa anasema jambo moja: yuko mtu chumbani. Huchukua sekunde chache au dakika chache. Katika kila watu mia, kama wanane limewahi kuwafika walau mara moja maishani. Wajapani wanaliita kanashibari. Newfoundland, huko Canada, wanasema ni kikongwe anayekuja kukaa kifuani. Na sisi tuna jina letu la zamani.

MVUVI: Jinamizi.

MUUGUZI: Jinamizi. Humpata zaidi anayelala chali, na zaidi anayekatwakatwa usingizi. Sasa fikiria Ramadhani: tarawehe, kisha mazungumzo, kisha kuamka daku, kisha alfajiri. Ongeza hofu ya kulala. Ongeza watu kuamshana usiku kwa makelele. Hapo umewatayarisha watu wengi kwa pamoja.

BI MKUBWA: Mwanangu, jinamizi nalijua tangu mdogo. Lilinikaba nikiwa na mimba ya kwanza, nikanywa maji nikalala. Jinamizi halitembei mtaa kwa mtaa!

Baraza zima lilitulia. Muuguzi aliweka kikombe chini, akasema jambo ambalo ningependa wataalamu wengi waweze kulisema: "Kweli, Mama. Nilichokieleza ni usiku wa mtu mmoja. Sijaueleza mwezi mzima."

Naam. Wanaotilia shaka hukimbilia usingizi wakadhani wamemaliza kazi. Wamemaliza theluthi yake. Maana Bi Mkubwa ameonyesha kwa mfano wake mwenyewe kwamba jambo lile lile linaweza kumfika mtu likapita na kikombe cha maji. Kifua kilikuwa kile kile, mkono usionyanyuka ule ule. Kilichobadilika mwaka 1995 ni kwamba jina jipya lilikuwa limeshafika kitandani kabla ya usingizi. Kilichotembea mtaa kwa mtaa kilikuwa habari. Na habari hii ilipewa miguu ambayo habari nyingine hazina.

MVUVI: Unaisemea ile kwamba lazima useme.

Ndiyo. Waliofikwa walisimulia kwamba kiumbe kile kiliwaambia: watangazie wenzako, ukinyamaza nitarudi. Na ilisemwa vilevile kwamba anayekana ndiye atakayefuatia. Hebu ligeuzeni sharti hili mikononi taratibu, kama mtu anavyogeuza tundu la samaki kutafuta mdomo wake. Umefikwa? Lazima useme, kwa hiyo habari inaenea. Hujafikwa na unaamini? Unakesha, unalala vipande vipande, na sasa umejiweka mahali pa kufikwa. Hujafikwa na huamini? Utafikwa, kwa kosa la kutoamini. Ukifikwa, imethibitika. Usipofikwa, bado zamu yako. Na ukisema hadharani "haya si kweli", watu wanakusogelea kwa huruma, maana umejitangazia zamu.

Nimelitafuta tukio moja tu ambalo likitokea tutasema "basi, popobawa hayupo". Sikulipata. Kila kinachotokea na kila kisichotokea vinaingia mle mle. Watu huona hii ni nguvu ya habari: haishindiki! Mimi naona hapo ndipo inapovuja. Mvuvi akiniambia kusi limeanza, naweza kutoka nje nikamkuta amekosea. Uwezekano huo ndio unaoyafanya maneno yake yawe na thamani kwangu.

Na mtego huu hautengenezwi na jini peke yake. Leo asubuhi simu yangu imeingia ujumbe: mtumie huu watu kumi, aliyeupuuza alifiwa. Sharti ni lile lile, na kisu ni kile kile.

MVUVI: Lakini visiwa viwili vilisema. Hawakuwa watu kumi. Watu wote wale wakosee?

USTADHI: Umegusa chombo kikubwa, na wengi hukishika vibaya. Kwetu iko habari inayoitwa mutawatir: imepokewa na watu wengi kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana uongo. Habari hiyo hutoa yakini. Lakini wanachuoni hawakusema "wengi" wakanyamaza. Waliweka masharti. Wingi uwe katika kila daraja ya upokezi, tangu wa mwanzo hadi wa mwisho. Na wale wa mwanzo kabisa wawe wamekipata kwa hisia zao, kwa kuona au kusikia, si kwa kukisia. Sasa, Mama, uniwie radhi nikuulize. Katika watu uliolala nao uani, wangapi walimwona, kwa macho yao, wakiwa wima, taa ikiwaka?

BI MKUBWA: Kumwona wima? (Alifikiri.) Tulisikia yuko nyumba ya pili. Tulikimbilia huko. Tukifika, wanasema kaenda ya tatu. Paa la bati lililia, hilo nililisikia kwa masikio yangu.

USTADHI: Bati nimekukubalia. Na aliyesema kwamba kilicholiza bati ni popobawa?

BI MKUBWA: Tulijua.

Neno hilo "tulijua" nililipigia mstari daftarini. Watu elfu waliosikia kutoka kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja aliyezidishiwa sauti. Wingi wa mwishoni si wingi wa mwanzoni, na umati hauwezi kuhesabu mashahidi wake wakati unakimbia.

Mvuvi alikuwa bado na lake, na lilikuwa zuri.

MVUVI: Nyinyi wenye kusoma mlisema silikanti amekufa. Mkaandika vitabuni. Na yeye alikuwa yumo humu humu baharini. Jamaa zetu wa Tanga wamemvuta na jarife, tena si mmoja! Basi na hili mnalosema hakuna, mtakuja kusema liko.

Historia imesimama naye. Wataalamu waliamini jamii ya samaki yule ilitoweka pamoja na madinosaria, kama miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini, alimkuta mmoja kwenye samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Baadaye akajulikana Komoro, ambako wavuvi walikuwa na jina lake muda wote. Mwaka 2001 akanaswa Malindi, Kenya. Tangu 2003 akaanza kuonekana Tanzania, na Tanga wakavua wengi katika nyavu za jarife zilizoshushwa kwenye kina, mpaka mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Naipenda habari hii. Inamrudisha msomi mahali pake.

Lakini tazama nini kilimaliza ubishi. Courtenay-Latimer hakusema "nani atajizulia". Alikuwa na samaki, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyonona kama viungo. Aliyetilia shaka alialikwa aje ashike. Wala hakuna aliyeambiwa kwamba akikana, silikanti atamjia usiku. Habari ya silikanti ilikubali kupimwa ikashinda, na ya popobawa imejenga ukuta dhidi ya kupimwa. Kuzifananisha kwa sababu zote mbili ziliwahi kukataliwa ni sawa na kusema kila aliyefungwa jela ni mtume, kwa kuwa mitume wengine walifungwa.

Kisha tunamkumbuka silikanti kwa sababu alipatikana. Wasiopatikana hatuwahesabu. Mngwa, yule paka mkubwa wa kijivu wa pwani ya kusini, William Hichens aliyekuwa hakimu wa serikali ya kikoloni aliandika habari zake, na wawindaji wakavutiwa. Mpaka leo hakuna fuvu lake kwenye makumbusho yoyote. Ukiweka silikanti mmoja kwenye mizani, weka na mingwa yote upande wa pili.

(Na popo mwenyewe asibebeshwe mzigo. Pemba yuko popo mkubwa asiyepatikana kisiwa kingine chochote duniani, bawa hadi bawa anapita mita moja na nusu. Nenda Kidike mchana umwone anavyoning'inia mtini kama embe bivu. Chakula chake ni matunda. Aliwindwa hadi akakaribia kwisha, akaokolewa na wanakijiji waliokubali kumlinda.)

KIJANA: Basi mimi naona tunazunguka. Ilikuwa siasa. Vyama vingi vimeruhusiwa 1992, uchaguzi wa kwanza Oktoba 1995, na popobawa anazuka mwaka huo huo. Akarudi 2000, uchaguzi tena. Inahitaji nini zaidi?

BI MKUBWA: Hilo nalo nililisikia. Wa chama hiki walisema serikali imemleta tusahau uchaguzi. Wa chama kile wakasema wapinzani wamemleta serikali ionekane imeshindwa. Nikawauliza: mbona wote wawili mmefikwa?

Hapo Bi Mkubwa alitupita sote. Kijana aliona mambo mawili yakifuatana akayafunga ndoa. Ramadhani ile ilikuwa Februari, miezi minane kabla ya kupiga kura. Na mwaka 2007 hofu ilizuka Dar es Salaam, mwaka usio na uchaguzi wowote mkuu, lakini mwaka huo haumo katika orodha ya wenye nadharia hii kwa sababu unaiharibu. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeichunguza hofu ya 1995, ameandika jinsi maelezo ya kisiasa yalivyozidi kupata nguvu kadiri miaka ilivyopita, watu wakiitazama nyuma. Hata chanzo kina matoleo: wengine humpeleka kwenye miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine baada ya kuuawa Rais Karume, Aprili 1972, wakisema shekhe mmoja alimfungulia jini alipize kisasi, likamshinda. Kila zama humpa popobawa baba anayefanana na majeraha yake.

Sisemi siasa haikuwamo. Kisiwa kilichojaa wasiwasi hulala vibaya na husadiki upesi. Lakini kuwa na wasiwasi ni kitu kimoja, na kusema "fulani ndiye aliyemleta" ni kitu kingine, na hili la pili ndilo lililonifanya nianze kuandika. Kwa sababu hofu ikishakuwa na jina hutafuta uso.

MUUGUZI: Yule mgonjwa.

Ndiye. Hofu ilipofika mjini Unguja, alikuwepo mtu mwenye maradhi ya akili, mgeni kutoka bara, aliyekuja kutafuta matibabu. Hakujua kujieleza vizuri. Umati ukasema ndiye popobawa, kajigeuza. Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi: angesema nini akaokoka? Akisema "si mimi", popobawa naye angesema hivyo. Akinyamaza, ana la kuficha. Akitamka maneno yasiyoeleweka, ndiyo ushahidi wenyewe. Sharti lisilo na mlango, ambalo uani Pemba liliwakosesha watu usingizi, hapa lilimzunguka binadamu mmoja. Aliuawa.

USTADHI: Katika sheria, dalili ni juu ya anayedai. Aliyetuhumiwa hapewi kazi ya kuthibitisha kwamba yeye si jini. Sote tulisomeshwa hilo tukiwa watoto. Siku ile lilikwenda wapi?

MVUVI: Ustadhi, katika umati hakuna anayedai. Wote wanaitikia.

BI MKUBWA: Mie hamtaniambia kwamba sikupata nilichopata. Kifua changu nakijua. Lakini huyo mtu wenu... (Alikaa kimya kitambo, akivuta ukaya.) Sisi tulipokuwa uani, likisemwa jina tu, hata paka akipita, tulikuwa tunashika mawe. Watoto nao wameshika mawe. Angepita mgeni usiku ule mtaani kwetu, asiyejua njia, asiyejua kusalimia kwetu, sijui. Wallahi sijui.

MVUVI: Jina lake alikuwa nani?

Hakuna aliyejibu. Kijana alitazama simu yake akairudisha mfukoni. Popobawa tungeweza kumchora sote pale pale: mbawa zake, kucha, masikio yaliyochongoka, jicho moja wanalosema analo, harufu inayomtangulia. Ustadhi akainua mikono, akamwombea dua mtu asiyemjua jina. Bi Mkubwa ndiye aliyeitikia amin wa kwanza, kwa sauti.